Ghala la faili: ulipolipa, ulinunua nini?

Nimelipia mwezi mzima kwenye tovuti ya kuhifadhi faili. Nimevunja sheria? (Msomaji, Tabata)

Kulipia ghala si kosa. Ukijaza gigabaiti 15 za bure za Google, ukaongeza nafasi kwa pesa yako ili picha za watoto zipate pa kukaa, nani akuulize?

Lakini kuna ghala za namna nyingine. Kupakia ni bure. Anayetaka kupakua ndiye anayebanwa: anahesabiwa sekunde 60, kisha faili inatambaa kama kobe mpaka alipie “premium”. Niliwahi kuikodolea macho saa hiyo usiku wa manane. Ilipogonga sifuri ikanirudisha mwanzo, na bando linakatika. Anayelipa hapo kwa kawaida hana mzigo wake mle ndani, kafuata tamthilia ya mtu. Na kinachonikera ni hiki: pesa anayo, na kweli katoa, ila imeishia kwa mwenye ghala. Mwenye tamthilia hajaona hata senti. Kwa hiyo kosa haliko kwenye malipo, liko kwenye ulichopakua.

Muvi za wizi zimejaa hata Google Drive. Mbona Megaupload ndiyo iliyofungwa? (Msomaji, Mombasa)

Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, maarufu kwa jina la DMCA, haimbebeshi mwenye ghala dhambi za wateja wake, mradi hajui kilichomo na akiarifiwa anakiondoa upesi.

Megaupload, ghala la faili lililoanzishwa na Kim Dotcom, ilikuwa na makao Hong Kong na ilifungwa Januari 2012. Waendesha mashtaka wa Marekani walidai mambo mawili mazito. Kwanza, ilikuwa ikiwalipa watu ambao faili zao zilivuta wapakuaji wengi. Pili, na hapa ndipo penye ufundi: watu mia wakipakia filamu ileile, mtambo ulitunza nakala moja na kumpa kila mmoja kiungo chake. Mwenye filamu akilalamika, kinafutwa kiungo alichokitaja. Nakala imekaa palepale, na viungo vingine vinaendelea kufanya kazi. Walitaja mapato ya zaidi ya dola milioni 175.

Dotcom, aliyekuwa akiishi New Zealand, alikana na kupigania asipelekwe Marekani kwa zaidi ya miaka 10. Wenzake wawili, Mathias Ortmann na Bram van der Kolk, walikiri makosa na mwaka 2023 wakahukumiwa hukohuko New Zealand kifungo cha zaidi ya miaka miwili kila mmoja.

Napiga picha za harusi. Ghala likifungwa, kazi zangu zinakwenda wapi? (Msomaji, Arusha)

Zinaweza kupotea, na hakuna wa kumdai. Megaupload ilipozimwa, mpiga video mmoja wa Ohio aliyekuwa akirekodi michezo ya shule za sekondari alikosa kazi zake halali kabisa. Diski yake ya nyumbani ilikuwa imekufa siku chache kabla. Alikwenda mahakamani kuziomba. Mwaka 2013 kampuni ya Leaseweb ya Uholanzi ilifuta seva 630 zilizokuwa zimekodishwa na Megaupload, pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Nunua diski ya nje. Bibi harusi hataki kusikia habari za Hong Kong.

Tunatumia akaunti moja ya premium watu watano. Tatizo? (Msomaji, Kisumu)

Hapo kwa kawaida mnavunja masharti ya mkataba. Wakiwashtukia wanaweza kufunga akaunti, na pesa huenda msirudishiwe.

Albamu yangu iko kwenye tovuti hizo, watu wanaishusha bure. Nifanyeje? (Msanii, Nakuru)

Kenya iliifanyia marekebisho sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019: unampelekea mtoa huduma notisi ya maandishi, naye ana saa 48 za kazi kuizuia kazi hiyo isifikiwe. Tovuti za nje nyingi zina ukurasa wao wa malalamiko, hivyo anza hapo. Ambatanisha uthibitisho kwamba kazi ni yako. (Wenzetu wa Tanzania bara waanzie ofisi ya hakimiliki, COSOTA, wa Zanzibar COSOZA.)

Usiandike tu “ondoeni albamu yangu”. Nakili kila kiungo unachokiona, kimoja kimoja, hata vikiwa 40, halafu rudi baada ya wiki uitafute tena kwa jina la kila wimbo.