Uvimbe wa Shingoni Usiouma Usisubiriwe

Nilipougua saratani ya tonsili, yaani vile vinundu viwili vilivyo kooni nyuma ya mdomo, dalili yangu ilikuwa moja tu: uvimbe shingoni, chini ya taya, ambao haukuuma hata ulipobonyezwa. Wengi huamini kwamba saratani lazima iume, ilhali ya kichwa na shingo mara nyingi huanza kimya. Kwa hiyo nawasihi wasomaji wahesabu wiki badala ya kusubiri maumivu: uvimbe, kidonda cha mdomoni, sauti inayokwaruza au shida ya kumeza ikizidi wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo. Hata sikio moja linalouma, ilhali likichunguzwa huonekana zima, linaweza kuwa linabeba maumivu ya kooni. Tumbaku na pombe, hasa vikitumiwa pamoja, huongeza hatari sana, lakini asiyevitumia asijihakikishie usalama, kwani virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, navyo husababisha saratani ya tonsili na ya shina la ulimi.

Ili kuangalia koo, daktari hutumia kamera nyembamba inayopitishwa puani; husumbua kidogo, wala si ya kuogopwa. Uvimbe wenyewe kwa kawaida hutolewa chembe za kupimwa kwa sindano, mara nyingi kwa kuongozwa na ultrasaundi. Ukiambiwa ukatwe wote kabla koo halijaangaliwa, uliza kwa heshima kama sindano haiwezi kutangulia, kwa sababu huenda ni tezi ya shingoni iliyofikiwa na saratani iliyoanzia kwingine, na kuikata mapema kunaweza kutatiza matibabu yanayofuata. Baadaye hukatwa kinyama pale panaposhukiwa, na picha za CT au MRI huonyesha ugonjwa umefika wapi.

Saratani iliyo katika hatua za mwanzo mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji au mionzi peke yake. Iliyokwisha kuenea shingoni huenda ikahitaji vyote viwili, au mionzi pamoja na dawa ya kuua chembe za saratani kama sisplatini. Mionzi huchukua takriban wiki 6 au 7, siku 5 kila wiki. Kabla haijaanza, nenda kwa daktari wa meno. Nalisisitiza hili kuliko yote, kwa maana mionzi hupunguza mate na kudhoofisha mfupa wa taya, na jino likija kung'olewa baadaye, kidonda chake kinaweza kukataa kupona. Acha sigara, kwani hupunguza nguvu ya mionzi. Na hata ukiwekewa mpira wa kulishia, endelea kumeza mafunda madogo ya maji kadiri mtaalamu wako wa kumeza atakavyoruhusu, ili misuli ya koo isisahau kazi yake.