Figili na karoti tuta moja, ila usichelewe kung'oa

Mara ya kwanza nilipanda figili tuta zima, siku moja. Zikakomaa zote wiki moja. Nani wa kula figili zote zile?

Siku hizi sizipi tuta lake. Nazichanganya na karoti, mstari uleule. Karoti ni mvivu kuota: wiki mbili, pengine tatu, na kufikia hapo magugu yameshameza mstari na hujui ung'oe nini uache nini. Figili huchungulia siku ya nne au ya tano. Inakuonyesha mstari ulipo, unapalilia bila kubahatisha, na inapasua ule ugumu wa juu ya udongo ambao kimche cha karoti hukwama chini yake. Baada ya wiki nne hivi unang'oa figili, karoti inabaki na nafasi wakati ndiyo kwanza inaanza kunenepa.

Kosa langu lilikuwa kuzionea huruma. Nilizisogeza karibu karibu, kisha nikaziacha hadi wiki ya saba nikidhani zitazidi ukubwa. Zikawa kama sifongo ndani, zikatoa shina la maua, na karoti zilizofunikwa zikatoka nyembamba kama uzi. Sasa naweka mbegu moja ya figili kila sentimita 5, kina cha sentimita moja tu. Jioni kabla ya kung'oa namwagilia, na asubuhi nabana udongo kwa mkono mwingine ili karoti isifuatane nayo.

Saladi nayo ni jirani mzuri, majani yake hutunza unyevu. Maji yakienda kwa kukatika, leo kame kesho mafuriko, figili hupasuka.

Kabichi na sukuma wiki siziweki karibu. Ni ukoo mmoja, na vile vidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto hutoboa majani ya wote. Wapo wanaotega figili iwe chambo ili miche ya kabichi ipone. Mimi naona ni kuvialika vidudu hivyo nyumbani.

Na samadi nyingi? Utapata majani ya kujivunia, chini hakuna kitu.

Figili mbili tatu ziache zichanue. Nyuki watakuja, kisha zitatoa maganda mabichi ya mbegu. Yachume yakiwa machanga uyatafune hapohapo. Yana ukali uleule wa mzizi.