Mac au PC? Kwanza nionyeshe kamera yako

"Kaka, nina milioni mbili na nusu, nichukue Mac au PC ya kuediti?" Yaani kompyuta ya Apple au ya Windows, kwa kuhariri video. Ujumbe wa namna hii naupata karibu kila wiki, na jibu langu huwa ni swali: unapiga na kamera gani? Wengine hununa, wanaona nawazungusha. Siwazungushi. Mimi nilichoma hela nyingi kwa sababu hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Naediti video za sendofu, kicheni pati na harusi hapa Sinza tangu 2017. Nilianza na PC ya mezani iliyotumika: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 16, kadi ya grafiki ya NVIDIA, GTX 1050 Ti. Kwa faili za Full HD za Canon yangu ya wakati huo, ile mashine ilikuwa punda hasa. Haina haraka, lakini mzigo unafika.

Mwaka 2022 mwenzangu akanunua Sony A7 IV. Harusi ya kwanza tuliyopiga nayo tuliiweka kwenye 4K, H.265 (njia ya kubana video ili faili liwe dogo), biti 10, 4:2:2 (yaani rangi nyingi zaidi zinahifadhiwa), kwa kuwa tulishaambiwa rangi hukaa vizuri zaidi hapo. Na kweli zinakaa. Usiku nikavuta klipu kwenye taimulaini, nikabonyeza spesi. Bibi harusi kanyanyua kisu cha keki, kaganda. MC anahesabu moja, mbili, tatu, vigelegele vinapigwa, yeye bado kaganda na kisu hewani. Picha inazinduka baadaye, keki imeshakatwa na bwana harusi anatafuna.

Nikailaumu kadi ya grafiki. Kila mtu huilaumu kadi ya grafiki. Nikauza ile 1050 Ti, nikanunua RTX 3060 ya GB 12 pamoja na pawasaplai kubwa ya kuibeba. Nikarudi kwenye klipu ileile. Bibi harusi akaganda palepale.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kwenye video iliyobanwa kwa H.265, picha nyingi haziandikwi nzima. Kinachoandikwa ni mabadiliko kutoka kwenye picha za jirani. Kwa hiyo ili ikuonyeshe picha moja, kompyuta hulazimika kufungua kadhaa. Kazi hiyo ina sehemu yake maalumu ndani ya chipu, na sehemu hiyo ina aina za faili inazozijua na isizozijua. Kadi za NVIDIA zilizotangulia mfululizo wa RTX 50, uliotoka 2025, hazina uwezo wa kufungua 4:2:2. 3060 yangu ilikuwa imekaa kama mgeni rasmi, na ki-i5 changu cha zamani ndicho kinachotoka jasho.

Chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, hizo faili zinazifungua bila shida. Hapo ndipo sifa ya Mac inapotoka, na ndiyo maana ukienda kwa jamaa mwenye MacBook Air isiyo hata na feni unakuta video inateleza tu. Lakini lililoniuma ni hili: prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea nazo zinazifungua, kwa kutumia sehemu ya grafiki yake ya ndani, ile wanayoiita Quick Sync. Maana yake ni kwamba hela niliyotupa kwenye 3060 ningeiweka kwenye ubao mpya wa kompyuta (motherboard) na i5 ya kizazi cha 12, nikalala usingizi. Ila angalia mwisho wa jina la prosesa. i5-12400 ina grafiki ya ndani, i5-12400F haina. Muuzaji atakupa yenye F kwa sababu ni nafuu, na atakuambia ni kitu kilekile. Kwa mcheza gemu ni kitu kilekile. Kwako wewe sivyo.

Sasa unaona kwa nini nauliza kamera. Kama unapiga biti 8 ya kawaida, 4:2:0, kama zile za A7 III au za simu nyingi, PC yoyote ya miaka ya karibuni itakutosha na hakuna sababu ya kujinyima kula kwa ajili ya tufaha lililong'atwa. Na hata kama faili zako ni nzito, kabla hujanunua chochote jaribu proksi: unaiachia programu usiku itengeneze nakala ndogo za klipu zote, unaediti hizo, halafu wakati wa kurenda (kutoa video ya mwisho) inarudi kwenye faili halisi. Mimi niliishi hivyo zaidi ya mwaka. Inachosha, lakini wateja hawakujua.

Kilichonihamishia kwenye Mac ni umeme. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha Februari 2024, nilikuwa narenda kwa mahesabu kama mtu anayefuturu. UPS yangu (betri ya akiba) ilikuwa inaibeba ile PC dakika chache tu, ukitilia maanani kwamba 3060 peke yake inaweza kula wati 170. Laptopu za Windows zenye kadi kubwa nazo ukizichomoa kwenye umeme hupunguza nguvu sana. MacBook ikiwa kwenye betri inafanya kazi karibu sawasawa na ikiwa kwenye chaji. Kwa mtu wa Dar hilo si jambo dogo.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta MacBook Pro ya M1 iliyotumika. Nikaipata, safi, bei nzuri, nikaiwasha dukani, ikafunguka, nikalipa. Nyumbani nikaifuta yote ili nianze upya kama nilivyozoea kwenye Windows. Ilipounganishwa tu na Wi-Fi, ikaniletea ukurasa unaosema mashine hii inasimamiwa na kampuni fulani ya ng'ambo, ingiza jina na nywila ya mfanyakazi. Nikampigia muuzaji. Akaniambia kwa utulivu kabisa, "Bosi, wewe usiiunganishe na intaneti tu." Tuligombana siku tatu, akanirudishia nusu.

Kwa hiyo sikiliza. Mac ya mtumba ifutwe mbele yako, hapohapo dukani. Washa intaneti ya simu yako, iunganishe, kisha ipitishe hatua zote za kuanza mpaka uone skrini ya kazi. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine au ikitaja kampuni, mshukuru muuzaji na uondoke. Na usiguse Mac ya Intel hata ikiwa inang'aa vipi: Apple wameshatangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa mashine hizo. PC nazo zina mtego wao, kwa sababu Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Zile laptopu za HP EliteBook za bei ya chee zimejaa vizazi vya sita na saba.

MacBook ya pili niliinunua kwa masharti hayo na ndiyo ninayoandikia hapa. RAM yake ni GB 16, na itabaki hivyo mpaka ife, maana imeunganishwa na chipu, haiongezwi. Hapa PC inanifanya niione wivu. Ile ya mezani pawasaplai iliwahi kufa Ijumaa asubuhi nikiwa na harusi ya kukabidhi Jumamosi. Saa saba mchana nyingine ilikuwa imeshafungwa. Mac ikiharibika ubao, anza kuchangisha.

Hifadhi ndiyo inayowashtua wengi. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Kamera mbili, saa tano ukumbini, GB 450. Mac ya GB 256 haibebi hata harusi moja. Utahitaji SSD (diski ya kasi) ya nje, na uifomati exFAT ili isomwe pande zote, kwa sababu Mac inasoma diski ya NTFS (mfumo wa diski wa Windows) lakini haiandiki humo. Usiichomoe exFAT bila kuitoa kwa utaratibu. Nilishapoteza folda nzima ya sendofu namna hiyo, nikabaki na sauti tu za mashangazi.

Programu sizipi uzito sana. DaVinci Resolve ya bure iko kote. Final Cut ni ya vifaa vya Apple peke yake, na wenzako wenye Windows hawataweza kufungua projekti yako ukiwaomba msaada.

Kijana wa milioni mbili na nusu alikuwa na kamera ya biti 8. Nikamwambia achukue PC, i5 ya kizazi cha 12 isiyo na F, na chenji anunue SSD. Wiki mbili baadaye akapiga, ana hasira: "Kaka, mbona na hii inaganda?" Nikapanda bodaboda hadi kwake Manzese. SSD iko kwenye boksi lake, haijafunguliwa. Anaediti moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera, imechomekwa kwenye kisomea kadi cha elfu tano.