Gesi ya AC siyo inayoua garini, kagua ekzosi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Desemba naenda Oman na mke wangu na watoto wawili kumtembelea kaka yangu. Amepanga tukalale siku mbili jangwani, na Land Cruiser yake ya petroli. Tunataka watoto walale ndani ya gari, AC ikiwaka mpaka asubuhi. Fundi wangu hapa mtaani anasema haina shida, mradi gesi ya AC isiwe inavuja na tuache kioo wazi vidole viwili. Ni kweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Usiwalaze watoto humo injini ikiwa inawaka, kioo kiwe wazi vidole viwili au vinne. Fundi wako amekutuma ukague kitu kisichokudhuru, akakiacha kinachoua.

Kila watu wanapokutwa wamefia ndani ya gari, mtaani utasikia "wameuawa na gesi ya AC." Kauli hii inanikera, kwa sababu anayeiamini anakuja gereji kupimiwa gesi, anaondoka moyo umetulia, na ekzosi yake imetoboka. Gesi ya AC, ambayo kwenye magari yetu mengi ni R134a, inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na gari dogo linabeba kama nusu kilo tu. Ikivuja, utakachokiona ni AC kuacha kupoza. Kinachoua ni moshi wa injini, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani. Haina rangi wala harufu. Ikifika kwenye damu inashikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka lakini haibebi oksijeni ya kutosha. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, pengine atashuka. Aliyelala hapati onyo hilo, na watoto ndio inaowawahi maana wanapumua haraka kuliko sisi.

Gari likiwa mwendoni, upepo unaufagia moshi nyuma. Likisimama usiku kucha, moshi unabaki chini ya sakafu, unapanda taratibu kupitia raba za mlango wa nyuma zilizochoka na matundu ya kupitishia nyaya. Jangwani kuna la ziada: tairi zinazama kwenye mchanga laini, mdomo wa bomba unashuka, upepo unarundika mchanga nyuma ya gari. Bomba likizibwa hata nusu, moshi unatafuta kila kiungo kilicholegea. Na hicho kioo cha vidole viwili, upepo ukigeuka, ndicho kinachouingiza moshi ndani. Wengine hunijibu kwamba wanabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kitufe kile kinafunga njia moja tu ya hewa. Nyingine zote ziko wazi.

Tena kwa Desemba AC hamtaihitaji. Jangwa la Sharqiya, ambalo wengi bado wanaliita Wahiba, usiku wa msimu huo hushuka chini ya nyuzi 20, kwa kuwa mchanga unapoteza joto haraka anga likiwa halina mawingu. Beba mablanketi, zimeni injini, fungueni vioo na mweke neti. Mafuta yenyewe ni ya kutunza: injini kubwa ikiwa imesimama na AC imewashwa inaweza kula lita moja na nusu hadi mbili kwa saa, na mchangani mtayahitaji kutokea.

Ninachokiogopa zaidi kiko hapa hapa Dar. Madereva wanaomsubiri bosi hadi saa nane usiku, kiti kimelazwa, AC inapuliza. Watu wanaotoka baa wanajifungia garini "wapumzike kidogo." Wanaoingiza gari banda la nyumbani, wanashusha mlango na kubaki ndani kwa sababu umeme umekatika na chumbani kuna joto. Gari hilo hilo, ukiulizia historia yake, limeshatolewa masega, yaani kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi (catalytic converter).

Juzi nilikuwa chini ya Noah moja. Masega hayapo, pamewekwa bomba tupu, na kiungo kimechomelewa upande wa chini pekee. Upande wa juu, usiofikika bila kushusha bomba, umeachwa. Juu ya ufa huo sakafu ilikuwa na masizi meusi yaliyofuata mkondo hadi kwenye tundu la nyaya ambalo raba yake imedondoka. Mwenye gari alikuja kuongezewa gesi ya AC! Masega ndiyo yanayoigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, ndiyo maana mnunuzi wa masega anakufuata mpaka gereji. Anayekwambia ukiyatoa gari litakuwa jepesi ana faida yake, na fundi anayekubali kuyatoa asijiite fundi.

Wenye Prius na Aqua, magari ya petroli na betri kwa pamoja, nao wanajidanganya. Ni kweli kompresa ya AC yao inaendeshwa na betri, lakini betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe, wewe ukiwa usingizini. Linaloruhusu AC ya usiku kucha bila moshi ni gari la umeme tupu. Kipima kaboni monoksaidi cha betri ninakishauri kwa kila anayesafiri na familia, ila kisikupe ruhusa ya kulala injini ikiwaka.

Na maziwa, jamani. Mtu ameshatolewa garini amelegea, watu wanakimbilia dukani kununua maziwa "yakate sumu." Hii ni sumu iliyoingia kwa mapafu na imeshika damu, maziwa hayaifikii, na aliyepoteza fahamu ukimnywesha yanaweza kuingia kwenye mapafu. Zima injini, mtoe kwenye hewa safi, mkimbize hospitali yenye oksijeni. Mwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa ndani ya gari linalowaka, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kusoma kwamba oksijeni iko sawa wakati haiko sawa.