Mama mzaliwa wa Burundi, kesi iliyofutwa, jina lililopishana: je, uombe jeshi?

Mdogo wangu wa Kakonko, swali lako nimelisoma kwa makini kwa sababu nusu yake ni historia yangu mwenyewe. Umesema baba yako ni Mha wa hapo hapo, mama alizaliwa upande wa Burundi. Uliwahi kulala mahabusu kituo cha polisi kwa ugomvi wa mnadani, kesi ikafika mahakamani kisha ikafutwa. Kaka yako naye amefungwa gerezani. Na cheti chako cha kidato cha nne kina jina la ukoo lililoandikwa tofauti na cheti cha kuzaliwa. Unauliza kama uombe Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na baadaye jeshi, au uache usije ukaaibika mbele ya watu.

Omba. Ila kabla tangazo halijatoka, kaa chini uandae kila jibu na karatasi yake. Mimi ni mtoto wa Kasulu, nilipita JKT ya kujitolea, mafunzo nikayafanyia Msange kule Tabora, kisha nikaandikishwa jeshini. Sasa nimerudi nyumbani, na kila msimu wa usaili vijana wa ukoo na majirani huniletea makabrasha yao niyapitie. Nimeona wengi wakikwama. Walio wengi hawakwami kwa kile walichokuwa wanakiogopa. Wanakwama kwa sababu karatasi moja inasema hivi, nyingine vile, na mdomo wao unasema la tatu.

Nianze na la mama, maana ndilo linalokunyima usingizi.

Tangazo la jeshi husema mwombaji awe raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Vijana wengi wa mkoa wetu wakisoma hapo wanajiondoa wenyewe, eti mama ni wa ng'ambo. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa. Wewe umezaliwa Kakonko, na baba yako ni raia. Huo ni uraia wa kuzaliwa, na mama kuzaliwa Burundi hakuufuti. Kinachotakiwa ni kuuthibitisha, na hapo ndipo kazi ilipo kwa mtu wa Kigoma.

Usichukie ukiulizwa maswali mengi kuliko mwenzako wa Dodoma. Kiha na Kirundi vinasikilizana, majina yetu yanafanana, na mpaka umekatiza katikati ya koo. Wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi mwaka 1972, wakaja tena miaka ya tisini, na Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Mtabila yenyewe, leo ni kikosi cha JKT, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Ofisa anayekaa kwenye usaili wa mkoa huu anayajua yote hayo. Jina lako likianza na Nti au Nta, atauliza, na ni kazi yake kuuliza.

Mimi niliulizwa hivi. Chumba kilikuwa cha ofisi ya wilaya, meza ndefu, nyuma yake maofisa kadhaa, wengine wamevaa sare na wengine kiraia. Mmoja akafungua faili langu, akasoma mahali alipozaliwa mama: Makamba, Burundi. Hakuniuliza lolote kuhusu mama. Akaniuliza, "Babu mzaa baba kazikwa wapi?" Nikamjibu Heru Juu, lakini si kijijini tulipo sasa, ni kwenye mahame, kule familia ilikokuwa kabla ya Operesheni Vijiji. Akauliza nani anatunza kaburi. Nikamtaja baba mdogo. Akauliza mwenyekiti wa kitongoji ni nani, na balozi wa nyumba kumi ni nani. Kisha akataka karatasi, nikatoa kadi ya zamani ya chama ya babu, cheti cha ubatizo cha baba kutoka parokiani na barua ya serikali ya kijiji. Akavisoma kimoja kimoja, akavigeuza na nyuma. Halafu akaniuliza la mama, nikamweleza alivyoolewa na mwaka gani, na kwamba wajomba zangu bado wako ng'ambo na huwa tunaenda misibani. Akaandika, akaniambia niende kwenye vipimo.

Nakusimulia hayo kwa kirefu ili uone kinachopimwa. Mtu mwenye ukoo Tanzania anajua makaburi yake, anajua mashamba yalipopakana, anajua shangazi aliolewa wapi. Kaa na baba yako jioni moja na daftari. Andika majina ya mababu na mabibi pande zote mbili, walikozaliwa, walikohamia, walikozikwa. Mwaka 1974 watu walihamishwa kwa wingi kwenda vijiji vya kando ya barabara, kwa hiyo usishangae baba akikutajia mahali ambapo leo ni pori. Andika hivyo hivyo. Kisha tafuta karatasi za wazee: kadi za TANU au CCM, stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo au vya ndoa, kadi za kliniki, hata daftari la ushirika wa kahawa au tumbaku. Nyumba nyingi zinavyo, vimewekwa kwenye sanduku na hakuna anayevijali.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuligusa, na unijibu kwa dhati moyoni mwako: mama yako, au ndugu yeyote wa upande wake, aliwahi kukuandikisha kwenye kambi ya wakimbizi ulipokuwa mdogo? Nimeona watoto wa Kitanzania kabisa walioingizwa kwenye kadi ya mgao ya shangazi au mjomba ili familia ipate unga na maharage. Wakimbizi huandikishwa kwa picha na alama za vidole. Kama jina lako limo humo, au kama una cheti chochote cha Burundi, usisubiri usaili ukufichue. Nenda Uhamiaji wilayani na mzazi wako, eleza ilivyokuwa, uandikishwe maelezo, na uombe jibu la maandishi. Kumbuka pia kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wale wa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa Burundi kule Tabora, ambao familia zao zilipewa uraia kwa tajnisi miaka ya 2010, nawashauri hivyo hivyo: usijaze neno "kuzaliwa" kwa kukisia. Pata tamko la Uhamiaji kwanza ujue uko kundi gani, maana kujaza uongo kwenye uraia ni kosa linalokufuata hata ukiwa umeshavaa gwanda.

Kuhusu kesi. Matangazo hutaka mtu mwenye tabia na mwenendo mzuri, asiyepatikana na hatia ya jinai mahakamani. Shika neno hatia. Kukamatwa si hatia, kulala mahabusu si hatia, kushtakiwa si hatia. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike. Lakini aliyetozwa faini akalipa akaenda zake nyumbani, huyo alitiwa hatiani, na vijana wengi hawalijui hilo. Wanasema "sikufungwa" wakidhani yameisha.

Wewe umesema kesi ilifutwa. Ilifutwaje? Nenda mahakama ile ile, omba kwa barua nakala ya amri au ya hukumu. Kama uliachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa, karatasi itasema hivyo. Kama shitaka liliondolewa kwa sababu mlalamikaji hakutokea au mlipatana, karatasi itasema hivyo pia, na hapo ujue kwamba huenda shitaka la namna hiyo likarudishwa, kwa hiyo hakikisha hakuna kinachoendelea. Weka nakala kwenye kabrasha. Ukiulizwa kama uliwahi kuwa na kesi, sema ndiyo, ilikuwa ugomvi wa mnadani, mwaka fulani, mahakama fulani, iliisha hivi, amri ni hii. Basi, usianze kujitetea wala kumsema uliyegombana naye. Jirani yangu mmoja alijibu "sijawahi" kwenye swali hilo, na mtendaji wa kata alishaandika kwenye barua ya utambulisho kwamba kulikuwa na shauri likaisha. Kesi yenyewe haikuwa na uzito wowote. Alirudishwa nyumbani kwa lile jibu, na mpaka leo mama yake akinisimulia huwa analia.

Na hapo ujue kwamba upekuzi hauishii mezani. Watu huja kijijini kuuliza. Wanamuuliza mwenyekiti, mwalimu wako wa zamani, hata mwenye duka. Ndiyo maana barua ya mtendaji na maneno yako lazima yawe kitu kimoja. Umetaja pia kaka aliyefungwa gereza la Bangwe. Kifungo chake si hatia yako. Ukiulizwa, mtaje na useme alifungwa kwa nini. Siwezi kukuhakikishia watakavyolipima, lakini nimewaona walioingia wakiwa na ndugu gerezani.

Jina. Hapa nakuomba uanze kesho, maana ndipo panapokula muda. Matokeo ya kidato cha nne yako Baraza la Mitihani, na cheti chao ndicho kigumu kuliko vyote kukigusa. NIDA (kitambulisho cha taifa), RITA (cheti cha kuzaliwa) na cheti cha shule vikipishana hata herufi moja, msaili ana haki ya kuuliza kama ni watu wawili. Kama ni tahajia tu, "y" imeliwa au "h" imeongezwa, nenda kwa wakili au hakimu uape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, kisha uanze marekebisho RITA na NIDA. Kama jina limebadilika kabisa, mathalani shule walikuandika la mjomba uliyekuwa unakaa kwake, kiapo peke yake hakitatosha. Utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usikubali mtu akutengenezee cheti kipya kichochoroni. Kughushi ni jinai, na hapo utakuwa umejitafutia hatia ya kweli wakati ulikuwa huna.

Umri nao usiushushe. Najua inafanyika. Lakini tarehe uliyoitoa NIDA inabaki, na viwango vya umri hutofautiana kwa elimu: wa kidato cha nne ana kikomo chake, wa stashahada na wa shahada wana vyao. Soma tangazo la mwaka huo huo, la mwaka jana liache.

Mengine nayapitia haraka. Uwe hujaoa. Usiwe umetumikia Polisi, Magereza au vikosi vingine vya aina hiyo. Michoro mwilini inakataliwa JKT, na najua utauliza kuhusu chale, maana huku kwetu nani hana? Mimi ninazo kifuani, za utotoni. Daktari aliziona, akauliza za nini, nikamwambia nilichanjwa kwa degedege nikiwa mdogo sana na haikurudi tena. Tukaendelea. Ila kama bado unaanguka, au una pumu, au moyo, mwambie daktari. Mazoezi ya kuruta si ya kubahatisha. Nimeona mwenzetu akidondoka kwenye mbio za alfajiri, na kumbe nyumbani walijua.

Kitu kingine kinachonikera ni fedha. Kila msimu kuna mtu Kibondo, kuna mtu Kasulu, kuna mtu Ujiji, anasema ana nafasi za mkononi. Wazazi wanauza ng'ombe. Fomu na nafasi hazina bei, JKT na jeshi wenyewe hutangaza hivyo kila mara. Ukiombwa hela, nenda Takukuru. Na uelewe kwamba JKT ya kujitolea haiahidi ajira. Unajifunza kazi na ukakamavu, na nafasi za jeshi zikitoka cheti chako cha JKT kinakusaidia, lakini wapo wengi waliomaliza mkataba wakarudi nyumbani na jembe lao. Mweleze mzazi wako hilo mapema asije akahesabu mshahara ambao haujaahidiwa.

Maombi ya JKT hupitia ofisi ya mkuu wa wilaya na mkoa, kwa hiyo sikiliza tangazo hapo Kakonko na si kwenye vikundi vya simu. Jeshi likitangaza lenyewe, miaka ya karibuni limetaka barua ya kuandikwa kwa mkono. Andika kwa utulivu, bila kufutafuta, majina matatu kama yalivyo NIDA.

Anza na mahakama na kiapo cha jina wiki hii. Ukishapata nakala ya ile amri, niandikie hapa imesema shitaka liliondolewa au uliachiwa huru, maana jibu la kumpa msaili linategemea hilo. Na muulize mama swali la kambini.