Safu ya Mafundi: Karakana ya chuma, kabla chuma hakijafika

Barua za safari hii zinahusu karakana za fremu ya chuma zinazoagizwa kiwandani: za nyumbani, za shambani na za biashara. Waliouliza geji (unene) ya bati ni wengi, waliouliza shimo la msingi ni wachache. Tumewapa wachache nafasi kubwa, na sababu wataiona wenyewe.

SWALI: Nina pikapu, trekta dogo na mashine ya kuchomelea. Baadaye nataka kuweka lifti ya gari ya nguzo mbili. Nichague mita 6 kwa 9 au 9 kwa 12? Na kimo kiwe kiasi gani?

Pima jengo kuanzia ndani. Chukua karatasi ya miraba, chora kwa kipimo cha sentimita 2 kwa kila mita, kisha kata kipande cha karatasi kwa kila kitu kitakachokaa humo na uvisogezesogeze. Kipande cha gari kiwe cha gari lililofunguliwa milango, maana hapo linakula upana wa mita 3.6 hivi. Utaona nafasi inavyoyeyuka.

Wengi husahau urefu wa chuma chenyewe. Mabomba na vyuma vya pembe kwa kawaida huuzwa kwa mita 6. Ili ukate popote kwenye bomba hilo, msumeno unahitaji mita 6 kushoto na mita 6 kulia. Ukuta wa mita 12 unakutosha kwa kubana; ule wa mita 9 utakulazimisha kuupanga msumeno mkabala na mlango na kufungua mlango huo kila unapokata, hata kama mvua inanyesha. Kwa kazi ulizotaja, 9 kwa 12.

Kuhusu kimo, lifti nyingi za nguzo mbili hutaka mita 3.6 hivi za nafasi tupu, zikipimwa kutoka sakafuni hadi kitu cha chini kabisa kilicho juu ya gari, iwe kenchi, taa au bomba. Hapa ndipo watu hupunjika. Namba iliyo kwenye karatasi ya muuzaji mara nyingi ni kimo cha ukuta kwa nje. Ndani, pale nguzo inapokutana na kenchi, huchomelewa bamba la pembetatu la kuimarisha kona, nalo hushuka chini ya namba hiyo. Ulizia nafasi tupu chini ya kenchi, iandikwe. Ukitaka mlango wa rola, uachie sentimita 40 hadi 50 juu ya uwazi kwa ajili ya ngoma yake, pale unapojiviringisha. Mlango wa mita 3 basi hauingii kwenye ukuta wa mita 3.2, hata fundi akikuapia.

SWALI: Muuzaji anasema nimwage msingi sasa hivi ili chuma kikifika tusimamishe siku hiyohiyo. Nikubali?

Usikubali mpaka uwe na mchoro wa bolti za msingi wa jengo lako hasa, wenye nafasi ya kila bolti, unene wake, na nguvu inayoshuka na inayopanda kwenye kila nguzo. Jengo la kuagiza halina msingi wa kukisia.

Angalia hiyo nguvu inayopanda. Nyumba ya matofali hukaa kwa uzito wake. Jengo la bati ni jepesi, na kazi kubwa ya msingi wake ni kulizuia lisipae. Tuchukue jengo la mita 9 kwa 12 lenye fremu kila baada ya mita 4. Kila nguzo ya katikati inashikilia paa la mita 4 kwa 4.5, yaani mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 144 kwa saa una mgandamizo wa karibu kilo 100 kwa mita ya mraba, na ukipita juu ya paa unaweza kulivuta kwa kilo 90 hivi kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kilo 1,620 kwa nguzo moja. Bati, papi za chuma na kenchi vikiwa na uzito wa kilo 20 kwa mita ya mraba, vinarudisha kilo 360 tu. Zinabaki kilo 1,260 zinazotaka kuing'oa nguzo.

Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo. Kitako, yaani zege la msingi chini ya nguzo, cha sentimita 80 kwa 80, kina 90, ni kilo 1,380. Kimeponea chupuchupu. Sasa acha mlango mkubwa wazi ukielekea upepo: hewa inaingia, inakosa pa kutokea, inasukuma paa kutoka chini huku ule wa juu ukilivuta. Weka kilo 130 badala ya 90, na nguvu iliyobaki ni kilo 1,980. Kitako kile hakitoshi tena. Cha mita 1 kwa 1 chenye kina hichohicho kina kilo 2,160. Hesabu hii ni ya kukuonyesha ukubwa wa jambo. Mhandisi atatumia kasi ya upepo wa mahali pako, atapima udongo na kuongeza akiba ya usalama, kwa hiyo namba zake zitakuwa kubwa zaidi. Asipewe nafasi hiyo, hakuna geji ya bati itakayokuokoa.

Mchoro ukifika, tengeneza kiolezo cha bamba au plaiwudi nene kwa kila kitako, chenye matundu yaleyale ya bamba la chini ya nguzo. Funga bolti kwenye kiolezo kwa nati juu na chini, zisukwe pamoja na nondo, na nyuzi zake zipakwe grisi na kuzungushiwa utepe. Zege likikauka kwenye nyuzi, nati haipiti. Kisha pima ulalo wa jengo zima, kona hadi kona, kutoka mhimili wa nguzo hadi mhimili wa nguzo. Kwa 9 kwa 12 ulalo ni mita 15 kamili, pande zote mbili. Pima kabla ya kumwaga, na upime tena zege likiwa bado bichi, kwa sababu toroli na vaibreta (mashine ya kutikisa zege) husukuma kila kitu.

Bolti zikikaa vibaya, utamwona mtu ameshika nyundo. Mzuie. Bolti iliyopindwa hupasua zege shingoni, na hapo ndipo itakapovuta siku ya upepo. Mwite mhandisi. Anaweza kuruhusu tundu la bamba litanuliwe na kufunikwa kwa bamba nene lililochomelewa, au bolti mpya itobolewe na kugandishwa kwa gundi ya kemikali. Mwisho, acha uwazi wa milimita 25 hadi 40 chini ya bamba la nguzo, usimamishe nguzo kwa timazi, halafu ujaze uwazi huo kwa mota ya saruji isiyosinyaa.

SWALI: Sakafu iwe nene kiasi gani? Ya jirani imepasuka kama ramani.

Sentimita 15 kwa magari na lifti. 10 inatosha kwa meza na rafu tu. Soma pia kitabu cha lifti, kwani kila moja hutaja unene na nguvu ya zege inayotaka. Kwa 9 kwa 12 utahitaji mita za ujazo 16.2, agiza 17.5.

Sakafu kama ya jirani yako kwa kawaida haikosi unene. Kosa liko chini yake: kifusi humwagwa chote mara moja na kushindiliwa juujuu. Kishindilie kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikiwa na unyevu wa kutosha kushikamana mkononi bila kutoa maji. Wavu wa nondo ukae sentimita 5 hivi chini ya uso wa zege, juu ya vikalio. Ukilazwa chini kwa nia ya kuuinua kwa ndoano wakati wa kumwaga, utabaki chini. Zege litapasuka tu, kwa hiyo lionyeshe pa kupasukia: kata mistari yenye kina cha sentimita 4, kuanzia saa 6 hadi 18 baada ya kusawazisha. Mstari mmoja katikati ya upana na miwili kwenye urefu, sambamba na nguzo, itakupa vipande sita vya mita 4 kwa 4.5. Mistari isipite chini ya nguzo za lifti. Lowesha kwa siku 7.

Mabomba ya umeme na ya hewa yapite kabla ya zege, pamoja na bomba moja tupu la ziada. Hakuna aliyewahi kulijutia.

SWALI: Asubuhi paa linadondosha maji ndani, nalo halivuji. Vifaa vinashika kutu.

Bati usiku hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, basi mvuke unageuka matone juu yake kama kwenye glasi ya maji baridi. Una kazi mbili: kupunguza mvuke, na kuzuia hewa isiguse bati. Mvuke hutoka ardhini kama sakafu haikuwekewa karatasi ya nailoni chini, hutoka kwenye zege jipya kwa wiki nyingi, na hutoka kwenye jiko la gesi lisilo na bomba la moshi. Kilo 1 ya gesi ya propeni ikiungua hutoa kilo 1.6 za maji. Fungua matundu chini ya kuta na kwenye kofia ya paa, ili hewa ipande na kutoka. Kinga ya joto ilazwe ikigusa bati, na viungo vyake vizibwe kwa utepe. Mwanya wa vidole viwili unatosha kudondosha maji juu ya lathe. Ikiwa ni ya povu, usichomelee karibu nayo hata kidogo.

SWALI: Bati jipya lina vidoadoa vya kutu, miezi mitatu tu.

Muulize fundi alikata kwa nini. Kama alitumia grainda, cheche zimeunguza rangi na zinki ukingoni, na vipande vya moto vimejipachika juu ya bati na kushika kutu. Bati hukatwa kwa mkasi au nibla, kifaa kinachong'ata bati kidogokidogo. Vumbi la chuma la kutobolea skrubu nalo lifagiliwe jioni ileile, kabla ya umande. Skrubu zikazwe mpaka mpira uvimbe kidogo pembeni, ukipondeka umeshaharibika.

SWALI: Nataka kuongeza mlango ubavuni, ila vyuma vya mkasi, vile vinavyopishana kama X, viko hapo. Fundi anasema bati linatosha kushikilia.

Halitoshi. Vyuma hivyo vya mshazari ndivyo vinavyozuia fremu zisilale moja baada ya nyingine kama vitabu kwenye rafu. Haviondolewi kabla vingine, vilivyochorwa na mhandisi, havijafungwa mahali pengine upande huohuo. Njia rahisi ni kuhamisha mlango kwenye nafasi ya fremu isiyo na mkasi. Kama bado hujaagiza, weka alama kwenye mchoro leo kwa kila mlango unaoufikiria, hata ule wa miaka mitano ijayo, kiwanda kiiache nafasi hiyo wazi.