Makaa mazuri yanazama pamoja na mawe, niongeze hewa?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Sisi tunasafisha makaa ya mawe bila maji, kwenye beseni la poda ya magnetiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku) inayopulizwa hewa kutoka chini. Tukiwasha tu kazi inaenda vizuri, makaa yanaelea mawe yanazama, lakini baada ya saa kadhaa naanza kukuta makaa mazuri kabisa upande wa mawe. Nimeongeza hewa ndo ikawa mbaya zaidi. Blowa ni ndogo au nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Blowa iache, na hiyo hewa uliyoongeza irudishe ilipokuwa. Ninachoshuku mimi ni poda yako, imeshakuwa nyepesi.

Poda ikipulizwa vya kutosha inakuwa kama kimiminika, kilicho kizito kuliko hiyo poda kinazama na kilicho chepesi kinaelea. Makaa safi yana densiti (uzito ukilinganisha na maji ya ujazo huo huo) ya kama 1.3 hadi 1.4, mawe mengi yako juu ya 2, kwahiyo unaitaka poda ikae katikati, tuseme 1.8. Magnetiti peke yake ni nzito mno, ndo maana watu wanaichanganya na vumbi la makaa kuishusha. Sasa hapo ndo penye tatizo, maana kila makaa unayolisha yanaingia na vumbi lake na mengine yanavunjika humo humo ndani, yaani mtambo unajiongezea vumbi wenyewe bila wewe kuamua, densiti inashuka taratibu mpaka makaa yenye majivu kidogo tu nayo yanazama. Na ukiongeza hewa unazalisha mapovu makubwa yanayokoroga kila kitu juu chini, halafu densiti inashuka tena.

Usiniamini kwa maneno, pima. Weka vipimo viwili vya presha ndani ya poda, kimoja juu ya kingine kwa milimita 300. Tofauti ya presha ikiwa kilopaskali 5.3 uko kwenye 1.8, ikishuka mpaka 4.4 ujue uko 1.5 na makaa yameshaanza kupotea. Hicho kipimo ni cha bei ndogo ukilinganisha na makaa unayotupa, mi naona hakuna mtambo wa aina hii unaotakiwa kufanya kazi bila hicho.

Dawa yake ni kuchepusha sehemu ya poda muda wote, ipite kwenye sumaku, vumbi litoke, magnetiti safi irudi. Usisubiri densiti ianguke ndo uchepushe, fanya mfululizo, unaongeza au kupunguza kiasi kulingana na kipimo.

Halafu angalia unachokilisha. Huu mtambo unapenda vipande vya milimita 6 hadi 50, hata ule wa majaribio wa China wa mwaka 1994 uliokuwa unasafisha tani 50 kwa saa ulifanya kazi kwa saizi hizo. Vidogo kuliko hapo vinafuata mkondo wa poda na mapovu badala ya kufuata uzito wao, kwahiyo vichekeche vitoke kabla, vitafutie njia nyingine. Unyevu nao, makaa yakiwa na maji juu yake zaidi ya kama asilimia 5 poda inayaganda, chekeche zinaziba na magnetiti inaondoka nayo, hasara mara mbili. Msimu wa mvua lazima uyakaushe kwanza, hapo hamna ujanja.

Ukishafanya hayo yote na kipimo kinasoma vizuri lakini makaa bado yanazama, zima, toa poda, kagua bamba la chini linalogawa hewa. Matundu yakiziba upande mmoja poda ya pale inalala haichemki, na hewa yote inakimbilia upande mwingine inatoboa njia yake, presha inaweza isikuonyeshe kama vipimo vyako viko upande ambao haujaziba.